Watuhumiwa wa Donda la Kaka

Nyumbani kwetu, mimi ndiye niliyekuwa nasaga ugoro. Nasema mapema, ili asiyependa habari za watu wenye makosa aweke kitabu chini akaendelee na shughuli zake. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nasoma darasa la kipaimara, nazijua Amri Kumi bila kukwama, na katika kazi ya ugoro sikuwa na mpinzani kuanzia kilima chetu mpaka Mlola.

Kazi hiyo sikuiomba. Bibi, mama yake baba, alikuwa akinusa ugoro tangu enzi za Mjerumani, na vidole vyake vilipoanza kukakamaa ilibidi apatikane mtu wa kumsagia. Desturi ya nyumba yetu ilikuwa kwamba ugoro wa mzee husagwa na mjukuu wa kike ambaye bado hajaolewa. Mama, Mlutheri wa kweli kweli, hakutaka hata kuligusa lile jani. Dada zangu walikuwa wameshaolewa. Nikabaki mimi na jiwe dogo la kusagia, ambalo lilikuwa marufuku kusagia kitu kingine chochote. Tumbaku tuliipanda nyuma ya zizi, majani tukayaanika darini juu ya moshi wa jiko mpaka yakawa ya kahawia na makavu. Unayasaga, unatia magadi kidogo yaliyopandishwa kutoka bondeni, unatia chembe ya samli, basi. Siku ya kwanza bibi alichukua kiasi cha ncha ya kidole, akavuta puani, akapiga chafya tatu, akasema nitaolewa vizuri.

Mtoto mwingine angetosheka na sifa hiyo. Mimi nikaanza utafiti. Niligundua kwamba ukizidisha magadi, ugoro unakuwa mkali. Ukizidisha mara mbili, unauma. Bibi nilipompa huo wa kuuma alipiga chafya saba, akashika nguzo, akamshukuru Mungu kwa Kishambaa. Hakuuliza nimefanya nini, nami sikusema. Tangu siku hiyo watu walianza kunisifu kwamba nina mkono, na mimi nikauamini mkono wangu kama mtu anavyoamini kipaji alichopewa na mbingu.

Sasa nimlete kaka yangu, kwa sababu habari hii ni yake.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo usiopumzika. Aliweza kumwigiza mtu yeyote: mwinjilisti wetu akitafuta miwani ambayo ameivaa, Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma la Lushoto, akisema Kiswahili cha ofisini kwa pua, shangazi akikataa chakula huku anasogeza kiti mezani. Baba alikuwa akimkemea, kisha anatoka nje ili asionekane anacheka. Mdomo huo ndio uliompatia mchumba. Msichana mmoja wa upande wa Mlola alimsikia gulioni akimwigiza muuza magadi, akacheka mpaka akalitua kapu lake chini, na kaka akasema mwenyewe kwamba mwanamke akishatua kapu, kazi imekwisha. Posa ilipelekwa, ikapokelewa. Ilibaki arusi.

Kaka alikuwa anafanya kazi Shume, kwenye kiwanda kimoja cha mbao katikati ya msitu wa kupandwa. Pale kulikuwa na sheria moja isiyokuwa na msamaha: hakuna moto. Unga wa mbao ulikuwa kila mahali, miti imebanana, na aliyeonekana na sigara alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nyapara alikuwa akiwanusa vijana vidole, mmoja baada ya mwingine, kama mama anayekagua nani ameiba samli. Wale vijana walikuwa wavutaji. Wakafikiri sana. Wakaitoa tumbaku kwenye vidole, wakaihamishia ndani ya mdomo wa chini, kati ya fizi na shavu. Moto hakuna, moshi hakuna, nyapara ananusa vidole vinavyonukia mbao tu.

Na ugoro waliutoa wapi? Mwanzoni kaka alichota kidogo kwenye tabakelo ya bibi, ile ya pembe ya ng'ombe yenye kifuniko cha ngozi. Aliporudi baada ya wiki mbili alinikuta jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ule wako si ugoro, ni askari. Wenzangu wanataka."

Sijui kama kuna msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye angekataa. Nikaanza kusaga wa bibi na wa Shume. Wa Shume niliuzidishia magadi zaidi, maana niliambiwa vijana wale ni wagumu. Malipo yangu yalikuwa vipande vya sabuni, kitana cha mbao kilichochongwa kwa kisu, na mabaki ya mbao laini ambayo baba aliyageuza kabati la vyombo. Mama alilisifu sana kabati lile. Alidhani ni ukarimu wa kiwanda.

Mtauliza kama mimi mwenyewe sikuonja. Nilionja mara moja, na nilichagua mahali: darasa la kipaimara. Niliweka kidonge kidogo ndani ya mdomo wa chini kama nilivyosikia wanavyofanya watu wazima, nikakaa na uso wa utakatifu. Ulimi ukafa ganzi. Mate yakajaa. Nikawa nangoja mwinjilisti aangalie pembeni nitoke nikateme, naye akaniangalia mimi.

"Simama, binti. Amri ya Tano."

Ni ile ya kuua. Niliijua vizuri sana. Tatizo ni kwamba kuisema kulihitaji kufungua mdomo, na kufungua mdomo kulihitaji kumeza. Nikameza. Ukuta wa kanisa ulisogea taratibu upande wa Mombo, benchi likanifuata. Niliamka nje kwenye majani, nimetapika mpaka chai ya jana, na mwinjilisti anawaeleza wenzangu kwamba baadhi ya watoto huguswa sana na Neno. Somo nililolipata siku ile ni kwamba ugoro si wa kumeza. Zaidi ya hapo sikujifunza kitu.

Mwaka wa pili wa kazi ya Shume, kaka akanionyesha ndani ya mdomo wake wa chini, upande wa kushoto. Palikuwa na weupe kama utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka. Hauumi, akasema, ila haufutiki. Alikuwa anacheka. Baada ya miezi kadhaa katikati ya ule weupe pakatokea kidonda kidogo chenye kingo ngumu. Nacho hakikuuma. Hilo ndilo lililotuponza. Kingeuma angepiga kelele, na kelele za kaka zingesikika Lushoto.

Kilipokataa kupona, kikao cha nyumbani kikakaa. Nakumbuka watuhumiwa wote.

Bibi aliushitaki mswaki wa dukani. Alisema kijana aliyekulia kwenye mswaki wa mti hawezi ghafla kujisugua kwa manyoya ya mnyama asiyemjua. Mama aliishitaki chai ya kambini, inayonywewa ikiwa bado inatokota. Shangazi alilitaja jicho la msichana fulani wa kilima cha pili ambaye kaka alimchekesha kabla ya huyu wa posa, naye pia, kumbe, alikuwa ametua kapu. Kaka mwenyewe alisema ni kazi nyingi ya kuwa mzuri.

Baba alingoja wote wamalize. Kisha akasema jambo liko wazi: mdomo unaumwa kwa sababu ya kazi ya mdomo. Akamkumbusha kaka kwamba alikuwa amemwigiza baba mkwe wake mtarajiwa, mzee wa kuheshimika anayechechemea mguu wa kulia. Kumdhihaki mkwe kwetu si jambo dogo. Mkwe humwamkii ovyo, hukai naye karibu, hata jina lake hulitaji. Baba akaamua kaka aende na jogoo kuomba radhi, nami nikatumwa kumshika jogoo.

Tulifika Mlola asubuhi. Kaka akasimama mbali, macho chini, akatoa shikamoo, akaeleza kwamba amekuja kuomba radhi kwa kosa la kumwigiza baba mkwe anavyotembea.

Mzee alimtazama kaka toka kichwani mpaka miguuni. Kisha akauliza, "Uliniigiza?"

Ndipo tulipotambua kwamba hakuwa na habari. Hakuna aliyemwambia. Tulikuwa tumesafiri na jogoo kwenda kuungama kosa ambalo lingekufa lenyewe.

"Uliniigizaje?" mzee akauliza tena.

"Baba, nisamehe, siwezi."

"Mgosi, mimi ndiye niliyekosewa. Nionyeshe."

Kaka akanitazama mimi, mimi nikamtazama jogoo. Akachechemea kutoka mlangoni mpaka kwenye mgomba na kurudi, mkono mmoja kiunoni, akiguna kila hatua ya nne, kama mzee mwenyewe anavyofanya. Ndani ya nyumba mtu akaangusha sufuria. Nadhani alikuwa mchumba. Mzee alikunja uso, akaukunja tena, halafu kifua kikamshinda. Alicheka mpaka ikabidi ashikwe. Akampokea jogoo, akasema amesamehe, donda litapona, na kwamba mguu anaochechemea yeye ni wa kulia, kijana alikuwa amechechemea wa kushoto.

Donda halikupona.

Mnaona ni mshitakiwa gani hakutajwa. Ugoro haukutajwa na mtu, kwa sababu kwetu ugoro ulikuwa dawa. Jino likiuma, ugoro. Ukijikata na panga, ugoro. Ruba aking'ang'ania mguuni, ugoro, naye anaachia. Kwa hiyo jogoo aliposhindwa, bibi alitoa amri ya kitabibu: donda lipakwe ugoro asubuhi na jioni, wa kusagwa laini, na ukae hapo hapo. Nikasaga kwa moyo wangu wote. Nilichekecha kwa kitambaa. Na kwa sababu nilimpenda kaka yangu kuliko watu wote wa nyumba ile, nilitia magadi mengi kuliko nilivyowahi kutia, ili dawa iwe na nguvu. Miezi mitatu nilimpaka kwa kidole changu hiki.

Kisha uvimbe ukatokea chini ya taya. Meno mawili yakalegea. Kaka akaanza kula upande mmoja, na maigizo yakapungua, akisema wateja wamezidi ubahili. Asubuhi moja mama alivaa nguo zake za kanisani siku isiyo ya kanisa, hakumuaga baba, hakumuaga bibi, akamshika kaka mkono kama mtoto na kumpeleka zahanati ya Lushoto. Mimi nikafuata na ndizi za njiani.

Dresa, mganga msaidizi wa pale zahanati, alikuwa mtu wa Tanga, mzee kiasi, na kofia yake ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi. Alimketisha kaka dirishani, akavuta mdomo wa chini kwa kijiti. Akausogeza kwenye mwanga, akautazama tena.

"Humu unaweka nini, mwanangu?"

"Maneno, bwana dresa."

"Na zaidi ya maneno?"

Dresa akachukua kwa kijiti chembe nyeusi iliyobaki kwenye ufizi, akainusa, akapiga chafya moja kubwa. Katika siku nyingine ningejisifu.

"Huu ni mkali mno. Nani anakusagia?"

Kaka hakuniangalia hata kidogo. "Bibi," akasema. "Na bibi ni mzee sana, hawezi kuja."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona tena. Nilitamani dresa aniulize mimi, na niliogopa asije akaniuliza.

Mama akaeleza kwamba donda limekuwa likipakwa ugoro kama dawa. Dresa alizungumza naye kwa upole, maana alimwona ameshika kiti kwa mikono miwili. Alisema vidonda vya namna hii huko pwani amewaona navyo wazee, wale watafuna tambuu na tumbaku wa miaka mingi. Kwa kijana wa umri huu hajaona. Hawezi kuapa kwamba ni ugoro. Inawezekana kuna jino lililovunjika linalokwaruza, inawezekana ni jambo la mwili wake tu. "Lakini mama, kidonda kimekaa mahali pale pale tumbaku inapokaa. Ningekuwa mimi, huyo ndiye ningemkamata kwanza. Na ninyi mmempa kazi ya uuguzi." Akaandika barua ya hospitali ya Tanga, akasema waondoke na lori la kesho kwenda Mombo, wakapande treni, wasingoje siku ya gulio.

Baba ndiye aliyekwenda naye. Waliporudi, mvua za vuli zilikuwa zimeshakatika. Walikuwa wamemkata kaka kipande cha mdomo wa chini na kipande cha taya, na kovu lilikuwa limevuta shavu la kushoto kuelekea shingoni. Alifunga kitambaa. Daktari alikuwa ameutaja ugonjwa kwa jina, nasi tulikuwa tukiuita donda ndugu tu. Baba alikuwa amemuuliza chanzo, akajibiwa karibu sawa na alivyosema dresa: tumbaku inashukiwa sana, magadi yanachoma ngozi ya ndani na huenda yanaifungulia njia, lakini kwa mtu mmoja mmoja hakuna anayeweza kuapa. Bibi aliposikia alikasirika. Aligusa pua yake mbele ya kila mtu, akasema ameinusisha ugoro tangu kabla ya reli kufika Mombo na hii hapa, nzima. Hakuna aliyeweza kumjibu. Mimi pia siwezi, na nimeshakuwa na umri aliokuwa nao.

Kuhusu mchumba, alisema atangoja, akangoja. Sisemi zaidi, kwa sababu ni wifi yangu na anajua kusoma.

Nilikaa na siri yangu mpaka ikanikosesha hamu ya kula. Mchana mmoja nikamfuata kaka kwenye migomba, alikokuwa amekaa akinywa uji kwa kijiko cha mtoto.

"Kaka, yale magadi nilikuwa nazidisha. Tangu mwanzo. Na kwenye dawa nilizidisha zaidi."

Alimeza kwanza. Maneno yake sasa yalitoka polepole, nusu yakiwa hewa. "Nilijua."

"Mbona hukuniambia niache?"

"Ugoro wako ulikuwa unauma vizuri."

Nikalia. Alijaribu kuniigiza ninavyolia, maana alikuwa akiniigiza hivyo tangu nikiwa mdogo na kila mara nilinyamaza nikacheka. Akavuta uso, akainua bega. Mdomo ukakataa. Akajaribu mara ya pili, kisha akarudi kwenye uji wake, nami ndipo nilipolia kwa kweli.

Jumapili moja alasiri wenzake watano wa Shume wakaja kumtazama. Walileta sukari na ubao mzuri, wakakaa barazani wakiongea habari za misumeno kuliko watu wanavyopaswa kuongea habari za misumeno. Mmoja wao, aliyekuwa mdogo wao, hajatimiza hata miaka ishirini, alikuja mpaka mlango wa jiko kuomba maji. Alipokwisha kunywa akaniuliza kwa adabu sana kama bado kuna ule wa kaka, hata kidogo, kwa sababu wa huko Shume hauna maana.

Nikajifanya naongeza kuni jikoni. Alikuwa mkubwa kwangu, na mgeni. Kaka alikuwa amesikia. Aliwaita wote watano waje pale kwenye mwanga, akafungua kitambaa chake, akainama kidogo ili waone, akafungua mdomo.

Hakuigiza mtu. Aliuacha wazi tu, na wao wakatazama mpaka ndani.

Kisha nikaona mashavu yao yanaanza kutembea. Mmoja, wa pili, wote. Kila mtu alikuwa anapekua kwa ulimi wake chini ya mdomo wake mwenyewe, taratibu, akidhani wenzake hawaoni. Ulimi wangu nao ulikuwa huko huko ukipekua. Wanne walimaliza wakashusha pumzi. Yule mdogo ulimi wake ulifika mahali ukasimama. Ukaondoka, ukarudi pale pale, ukasimama tena.

Kaka alifunga mdomo na kuanza kujifunga kitambaa. Yule kijana akarudi mlangoni kwangu na kikombe kitupu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Yule dresa wa Lushoto," akauliza, "hupatikana siku zipi?"

"Jumatatu na Alhamisi."

Akabaki amesimama, akihesabu.

"Kesho ni Jumatatu," nikamwambia.